Masika ya Mtego

Jumamosi, 2 Machi 1996

Kocha mpya amefika. Anaitwa Aristides, mtu wa Kibosho ila anakaa mtaa wa Soweto, mjini. Ameletwa na yule mnunuzi binafsi wa kahawa aliyetupatia jezi mwaka jana. Kaja na filimbi shingoni na kanda za video za mpira wa Ulaya ndani ya mfuko wa rambo. Anasema katoka kwenye kozi Dar es Salaam. Tukampigia makofi, na mimi nikapiga kwa nguvu kuliko wote, mjinga mimi.

Naandika humu kwa sababu huenda huu ni msimu wangu wa mwisho. Nina miaka thelathini na tatu, na huku kwetu kipa wa umri huo anaitwa babu mbele ya mke wake.

Jumanne, 5 Machi

Uwanja wetu wa Masama umeinama kama huku kote mlimani. Goli la juu liko upande wa kanisa, la chini linatazama mji. Ukipiga mpira hovyo kwenda chini unaufuata kwenye migomba ya watu, na wenye migomba hawafurahi. Mtu aliyekulia hapa anajua kuucheza mteremko. Tunakaa nyuma, tunawaacha wageni wapande wachoke, halafu Anaeli, winga wetu, anachomoka na mpira pembeni mpaka kwenye kibendera cha kona na kupiga krosi. Mwaka jana hakuna timu ya kundi letu iliyofungwa mabao machache kuliko sisi.

Siri ilikuwa Filemon, namba tano. Filemon anapasua mbao kwa msumeno wa mkono, shingo yake ni ya fahali. Mpira wa juu ukiingia kwenye boksi ni wake, hana haja ya kuomba ruhusa. Ila mwambie ageuke akimbie, utamhurumia. Na mimi ni kipa wa mstari. Nina mikono na nina macho. Kutoka nje ya goli sikupendi tangu utoto.

Leo kocha kamwaga chokaa karibu na katikati ya uwanja, akasema mabeki wote wanne watasimama pale. Akipiga kelele "Panda!", wanapanda kwa pamoja, mshambuliaji anabaki nyuma yao, kibendera kinanyanyuka, ameotea.

"Huu ndio mtego," akasema. "Ulaya nzima wanacheza hivi."

Filemon akauliza, "Na kibendera kisiponyanyuka, Mwalimu?"

"Kitanyanyuka."

Nikageuka kutazama nyuma ya ule mstari. Palikuwa na nusu uwanja na mimi.

Jumamosi, 9 Machi

Sare, mbili kwa mbili, nyumbani. Mshika kibendera alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyeombwa dakika za mwisho, na kipindi chote cha kwanza alikuwa anatafuna muwa. Mara tatu nilibaki peke yangu na mtu. Ya kwanza alipiga nje. Mbili zilizobaki nilisimama mstarini kama nilivyozoea, nikazisindikiza kwa macho.

Kocha akaniambia, "Kipa wa mtego anatoka. Wewe umepandwa pale kama mgomba."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua imeanza. Nimepiga mrututu wa kuzuia ukungu kwenye kahawa asubuhi, ikauosha wote mchana.

Jumamosi, 16 Machi

Tumefungwa tatu kwa moja, ugenini. Anaeli katolewa pembeni na kurudishwa nyuma kabisa. Kocha anasema kwa kuwa ana mbio, ndiye atakayewakimbiza wanaouponyoka mtego. Kwa hiyo winga wetu sasa ni mlinzi wa usiku, na krosi hakuna wa kupiga. Filemon, ambaye miguu yake haina mbio, ndiye anaambiwa apande na kushuka kwenye tope. Nimemwona kipindi cha pili anahema na mikono kiunoni. Msumeno haujawahi kumchosha hivyo.

Nilimuuliza Anaeli kama amemwambia kocha kwamba pale hapawezi.

"Nimwambie nini, kaka? Ana kanda za video."

Jumatano, 20 Machi

Ratiba imebandikwa. Mechi ya mwisho tarehe mosi Juni, hapa nyumbani, na timu ya Mkuu, Rombo.

Mkuu wana Primus. Mwaka jana Primus alibaki peke yake na kipa wa timu moja ya chini kule, akampitia. Goti liliingia mbavuni upande wa kushoto. Yule kipa alitolewa bandama. Nilimkuta sokoni kabla ya Krismasi. Mkewe ndiye aliyebeba mkungu, yeye anafuata nyuma mikono mitupu, na kila anapopishana na mtu anajikinga ubavu kwa kiwiko. Alikuwa kijana mcheshi. Siku ile aliniambia jambo moja tu, kwamba hakumsikia akija.

Mpaka leo nilikuwa namhurumia. Leo nimesimama mbele ya ratiba nikashangaa mkono wangu umekwenda wenyewe kwenye mbavu.

Ijumaa, 22 Machi

Mke wangu, Mama Hellen, ameniuliza mbona sili. Nikasema tumbo. Ana mimba ya miezi mitano, nisimpe mawazo.

Jumapili, 7 Aprili. Pasaka

Jana hatukucheza. Ibada ndefu, mvua ndefu. Mchungaji alihubiri kwamba jiwe la kaburi liliviringishwa, na mimi niliyekuwa benchi la tatu nilikuwa nawaza kutoka nje ya boksi.

Jumanne, 9 Aprili

Kocha kanipa dawa. Anasema kipa akitoka lazima atangulize goti. "Kipa anayetoka bila goti anakufa. Mrukie na goti juu, mpira mikononi. Refa hawezi kukuadhibu, unajilinda."

Alinifanyisha kwa saa nzima. Anaeli alikuwa anakuja mbio na mpira, mimi namrukia. Mara ya nne nilimpata pajani, akakaa chini akalishika. Nikamwomba radhi. Kocha akasema, "Usimwombe radhi, hapo ndipo penyewe."

Jumamosi, 13 Aprili

Tumefungwa mbili bila. Sasa tuko wa pili kutoka chini, na wawili wa chini wanashuka daraja.

Jumatano, 17 Aprili

Tope. Ng'ombe hataki majani yaliyolowa. Nimemfokea kama vile yeye ndiye aliyechora mstari wa chokaa.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimeacha mpira. Niandike nisije nikasahau ilivyokuwa.

Tulicheza nyumbani. Baba yangu alikuja, jambo ambalo halifanyi mara nyingi tangu miguu imsumbue. Alikaa kwenye kigoda chini ya mwavuli, nyuma ya goli la chini. Dakika ya sabini mtego ukafyatuka vibaya, Filemon akateleza, mshambuliaji akaja peke yake. Nilitoka. Hatua mbili, tatu, halafu miguu ikakataa. Nilimwona yule kipa wa bandama waziwazi, kiwiko chake na mkungu mgongoni kwa mkewe. Nikasimama katikati, si mstarini si mbele. Yule kijana akaupitisha mpira kando yangu taratibu, kama anayempisha mzee njiani.

Kocha akaja mpaka nyuma ya goli, karibu kabisa na kigoda cha baba. Akapaza sauti, uwanja wote ukasikia.

"Mwanamke wewe. Ndiyo maana hata mtoto wa kiume huwezi kuzaa."

Baba alitazama chini akauzungusha mwavuli wake, mvua ikamwagikia upande. Kumwona anauzungusha ule mwavuli kuliniuma kuliko lile tusi. Hellen wangu ana miaka sita, ana akili kuliko kocha.

Nikavua glovu, nikaziweka juu ya mstari wa goli, moja huku moja kule, nikamsaidia baba kusimama, tukaondoka. Nyuma yetu Filemon naye alikuwa anavua jezi. Wakamalizia mechi watu tisa, golini akasimama Anaeli.

Niseme ukweli, kwa kuwa humu nasoma mwenyewe. Nilikuwa na hasira, ndiyo. Lakini chini ya ile hasira palikuwa na furaha. Nilikuwa nimepata sababu ya kutokuwepo tarehe mosi Juni.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimekula vizuri. Mama Hellen amecheka, anasema tumbo limepona lenyewe.

Jumamosi, 27 Aprili

Asubuhi nilikuwa nakata migomba ya ng'ombe nikasikia Hellen anaita, "Baba, unaitwa kwa babu."

Nikamkuta Kocha Aristides amesimama uani kwa baba, suruali imelowa mpaka magotini, ameshika isale kwa mikono miwili. Lile jani amelikunja na kulifunga kama inavyotakiwa. Nilipoliona tu nikajua nimekwisha.

Wasiotoka huku hawawezi kuelewa. Mtu akikujia na isale mkononi, hata kama ni yeye aliyekuchomea nyumba, humrudishi. Ukilikataa, ubaya wote unahamia kwako na kwa watoto wako. Baba ni mzee wa kanisa, lakini kuhusu isale hana mjadala, na sijawahi kumsikia mchungaji mwenyewe akilifanyia mzaha.

"Shikamoo, mzee," kocha akasema. "Nimekosa. Nilimtukana mwanao mbele yako. Nimekuja kuomba msamaha wako, na wake."

Baba alilipokea, akanitazama. "Elimringi, umesikia."

"Nimesikia, baba."

"Basi yameisha. Jumanne urudi kazini kwako."

Kocha alinikumbatia, alikuwa analia kweli. Na mimi nikamhurumia. Nikawaza, mtu aliyetoka Soweto kwenye mvua hii na jani mkononi amejifunza, na ule mtego wake ameuacha hukohuko mjini. Filemon naye alipelekewa la kwake, na akawaza hivyohivyo. Tulipokutana njiani tulipeana mikono kama watu walioshinda kesi.

Mama Hellen peke yake ndiye aliyeuliza, "Ameomba msamaha wa nini hasa?"

Nikamwambia asiyachimbe yaliyokwisha.

Jumanne, 30 Aprili

Mstari wa chokaa uko palepale. Ameumwaga upya, mweupe zaidi.

Nilimfuata pembeni, nikasema kwa adabu, "Mwalimu, mimi nilidhani tumeyamaliza."

"Tumeyamaliza, ndugu yangu. Niliomba radhi kwa tusi. Mtego si tusi."

Isale limepokelewa. Siwezi kuondoka mara ya pili kwa kosa lilelile, baba hatanielewa, na ukoo mzima utasema nimemchezea mtu aliyekuja na jani. Tumejifunga wenyewe, mimi na Filemon, tena kwa kamba tuliyoipokea kwa mikono miwili.

Jumapili, 5 Mei

Jana tumeshinda moja bila. Straika wao aliteleza mara mbili akiwa peke yake na mimi. Kocha anasema mtego umeanza kushika. Tope ndilo lililoshika.

Jumatano, 8 Mei

Mlima hatujauona wiki nzima.

Jumanne, 14 Mei

Nimejikuta najikinga ubavu kwa kiwiko nikikamua maziwa. Mama Hellen ameona. Nikamweleza yote: Primus, bandama, ratiba. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa Baba Hellen, wewe unaogopa mpira au unaogopa kocha?"

"Namwogopa Primus."

"Primus yuko Rombo huko, hajawahi kukufanya lolote. Anayekuweka mbele yake kila siku ni nani?"

Nimeliwaza swali hilo tangu jioni. Jibu ninalo, ila halinisaidii.

Jumamosi, 18 Mei

Sare. Mkuu wameshinda nne bila, Primus kafunga mbili. Ya pili, wanasema, kipa alimkimbia.

Alhamisi, 23 Mei

Filemon alikuja nyumbani na ubao wa kutengenezea kitanda cha mtoto. Tulikaa jikoni. Akasema, "Kaka, nisikilize. Siku ya Mkuu mimi sipandi. Apige kelele mpaka akauke koo, mimi nabaki kwenye boksi na wewe. Primus akija, anakuja kwangu kwanza."

"Kocha atakutoa."

"Anitoe. Nitakuwa nimeshabaki na wewe."

Nilimshika mkono nikashindwa kuuachia. Namshukuru Mungu kwa mtu huyu.

Jumamosi, 25 Mei

Mechi imefutwa, uwanja umejaa maji, tumegawiwa pointi moja moja. Nilipoambiwa, nilitamani ujae hadi Julai.

Ijumaa, 31 Mei

Mvua imekata. Jua limewaka siku nzima, uwanja umekauka katikati. Hesabu ni moja: tukipata sare kesho hatushuki. Nimejaribu kuomba nikaishia "Baba yetu uliye mbinguni", maneno yaliyobaki yakapotea.

Jumamosi, 1 Juni

Nitaandika polepole.

Primus ni mkubwa kuliko nilivyowaza. Mabega ya mlango. Wakati wa kupeana mikono alinisalimia, "Mambo, kaka," kwa sauti ndogo ambayo sikuitegemea, na kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho. Nikadhani ni changu.

Kipindi cha kwanza tulicheza tukiwa juu. Filemon alibaki. Kocha alipiga kelele "Panda!", wale watatu wakapanda, Filemon akabaki na mimi kama alivyoahidi, na krosi tatu za Mkuu alizipiga kichwa zikarudi zilikotoka. Ilikuwa kama zamani. Nilidaka mbili nikiwa mstarini bila hata kuhema. Nikaanza kuzisikia sauti za watu, nikajua kwamba mwanzoni nilikuwa sisikii kitu.

Mapumziko kocha hakufoka. Alimsogelea Filemon, akamwekea mkono begani, akasema taratibu, "Mzee wa huyu alinipokea. Na wewe ulinipokea. Mimi nimekukosea nini tena leo?" Filemon akainamisha kichwa. Niliona kwamba tumepotea.

Kipindi cha pili nilikuwa goli la chini. Dakika, sijui, themanini hivi. Mpira uko katikati, Mkuu wanao. Kocha akaita, "Panda!" Na Filemon akapanda. Baadaye ameniapia machozi yakimtoka kwamba hakuamua, kwamba miezi mitatu ya kupanda ilikuwa imeshaingia miguuni, neno likaita na miguu ikaitika. Namwamini. Hata mimi niliposikia lile neno nilisogea mbele hatua moja.

Mpira ukapita juu yao. Primus akatoka nao, peke yake, mteremko wote ni wake. Anaeli alikuwa mbali upande wa pili. Niliona Primus anageuza kichwa kumtazama mshika kibendera, nikachukia, nikadhani anatudhihaki. Kibendera hakikunyanyuka.

Halafu hofu yote ya msimu ikaja kwa pamoja, lakini safari hii haikunishika miguu. Ilinisukuma. Nilitoka nikikimbia na nikasikia mtu ananguruma, nadhani ni mimi. Nikaruka, mikono mbele, goti juu, kama nilivyofundishwa. Mpira niliupata. Hilo ni kweli, kila mtu aliona, refa alisema endelea. Lakini goti lilifika kabla ya mikono, na lilikuta mguu wake umekanyaga chini, umesimama, haukimbii.

Ule mlio ulisikika mpaka kwenye migomba.

Hakupiga kelele. Alikaa akautazama mguu wake ulivyokunjika mahali ambapo mguu haukunjiki, akaniambia, "Kaka, niitie mtu."

Wakambeba kwenye mlango wa bati. Mechi iliisha bila kwa bila. Hatushuki.

Jumapili, 2 Juni

Kanisani wamenishika mkono watu ambao hawajawahi kunisalimia. "Umemkomesha." "Sasa Rombo watajua kuna kipa." Kocha alikuwepo nje, ingawa yeye ni Mkatoliki, alikuja kwa ajili yangu. Alinibeba juu.

"Umeona?" akasema. "Mtego mbele, kipa nyuma. Mfumo umekamilika." Mnunuzi wa kahawa amemwongezea mwaka mmoja.

Watoto wa mafundisho ya Jumapili walikuwa wanacheza chandimu kwenye nyasi. Mpira ukaja miguuni kwangu. Hakuna aliyeufuata. Walisimama wakingoja niurudishe, na mdogo wao akarudi nyuma hatua moja.

Jumatano, 5 Juni

Sijala. Safari hii Mama Hellen hajauliza kitu.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwenda Mkuu. Sikumwambia mtu isipokuwa mke wangu. Nimepanda magari matatu, na kila gari nilitamani liharibike.

Primus ameruhusiwa kutoka hospitali. Yuko kwao, kitandani, plasta kuanzia pajani mpaka vidoleni. Aliponiona mlangoni akamwita mama yake aje anisalimie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Mama, huyu ni rafiki yangu wa mpira. Katoka Masama."

"Masama mbali hivyo? Kaa, baba. Machalari iko jikoni, usiondoke bila kula." Akatoka.

Tukabaki wawili. Nikasema nimekuja kumpa pole. Akaniambia nivute kiti.

"Mimi zamani nilikuwa namba kumi, kaka. Natoa pasi, mwenzangu anafunga, mimi nacheka tu. Raha yangu ilikuwa hiyo. Kocha wetu akaona haya mabega, akasema wewe ni wa kuvunja ukuta, simama mbele, pita na yeyote." Alinyoosha mkono akakuna juu ya plasta, pasipokunika. "Tangu yule kipa wa mwaka jana silali vizuri. Nikibaki peke yangu na kipa naombea kibendera kinyanyuke. Juzi nilikigeukia. Kikakataa. Nikasimama."

"Ulisimama," nikasema.

"Nilisimama. Nilijua wewe ni kipa wa mstari, watu wote wanajua. Nikasema huyu hatoki, nitaupiga pembeni taratibu, tusiumizane." Akatabasamu kidogo. "Nani alikwambia utoke?"

Nikaitazama plasta yake. Daktari amesema atatembea. Kuhusu mpira, daktari alicheka.

Mama akarudi na sahani, imejaa, ndizi na nyama zote za juu. Akaninawisha. Akakaa pembeni kunitazama nikila, kama mama zetu wanavyofanya.

"Kula, baba. Nyie watu wa Masama hamna ubaya. Ubaya anao yule kipa wenu. Wiki nzima, hata kuja kumjulia hali mwanangu ameshindwa."

Primus akageuza uso ukutani. Nilisubiri aseme, na nadhani yeye alinisubiri mimi. Jina langu lilinifika mpaka kooni, nikamtazama yule mama na mikono yake imekunjwa mapajani, na nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa golini.

"Pole sana, mama," nikasema.

Nikala mpaka sahani ikaisha, maana sikuthubutu kuacha hata kipande. Akaniongezea.